Bonsai ya mkwaju: usiukimbize mti kwenye sinia

Miezi hii ya karibuni nimeulizwa sana kuhusu bonsai, ile miti midogo ya kwenye chombo inayoonekana kama mizee ya miaka mia. Mtu kaona picha kwenye simu, kaona na bei, sasa anataka kuanza Jumatatu. Swali ni lile lile: "Bwana shamba, nianze na mti gani, na nitauza lini?"

Nitajibu kwa mti mmoja ambao sote tunaujua, mkwaju. Na nitaanza na kosa, kwa sababu kosa lenyewe ni langu.

Mwishoni mwa 2017 kijana mmoja wa kata yangu alinijia ofisini. Alikuwa ameacha kazi ya ulinzi mjini, ana akiba yake kidogo, anataka kufanya kitu ambacho majirani hawafanyi. Mimi wakati huo nilikuwa nimetazama video mbili tatu nikajiona najua. Nikamwambia: otesha mkwaju, miche ikifika kimo cha kiganja ihamishie kwenye vyombo vifupi, endelea kuipogoa, baada ya miaka miwili una bonsai. Akaenda kwa mfinyanzi akaagiza vyombo 300. Karibu akiba yote iliishia pale.

Mwanzoni mwa 2020 akanipigia. "Shikamoo bwana shamba. Naomba uje uone. Haifi, ila hainenepi."

Nikaenda. Kati ya miche 300 ilikuwa imebaki 260, imepangwa kwenye mistari, safi, imemwagiliwa, hakuna gugu hata moja. Na kila mche una shina nene kama kalamu. Miaka miwili ya kazi, na hakuna mteja wa kulipia kalamu iliyochomekwa kwenye sinia. Mama yake alikuwa amekaa barazani anatuangalia, hakusema neno. Hilo liliniuma kuliko lawama.

Kijana naye hakunilaumu. Aliuliza tu, "Sasa tunafanyaje?"

Makala hii ni jibu ambalo nilipaswa kumpa tangu siku ya kwanza. Ukisahau mengine yote, bakiza hili: mti hunenepea ardhini. Sinia ni la kuuonyesha mti ambao tayari umenenepa.

BONSAI NI NINI HASA

Bonsai siyo aina ya mti. Hakuna mbegu ya bonsai, na anayekuuzia "mbegu za bonsai" anakuuzia mbegu za kawaida kwa bei ya juu. Neno ni la Kijapani: "bon" ni sinia au chombo kifupi, "sai" ni kupanda. Wajapani walipokea ufundi huu kutoka China karne nyingi zilizopita, wakauendeleza kwa namna yao.

Kinachoufanya mti ubaki mdogo ni mkono wa mtu: kupogoa juu, kupunguza mizizi chini, na kuubana kwenye chombo. Sasa fikiria. Vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyozuia shina lisinenepe. Mti hunenepa kwa majani mengi na mizizi iliyo huru. Ukiubana ukiwa mche, utabaki mche. Utazeeka, lakini utakuwa mche mzee.

Wenzetu wanaofanya biashara hii kwa uzito wanalijua hilo. Pale Kinashi, katika mji wa Takamatsu nchini Japani, misonobari ya bonsai hupandwa shambani kwa mistari kama sisi tunavyopanda mahindi. Inakaa ardhini miaka, inakatwa, inaachwa ikue, inakatwa tena. Chombo kizuri huja mwishoni. Yaani wale ni wakulima kwanza, mapambo baadaye. Mimi nilimwambia kijana wangu aanzie mwishoni.

KWA NINI MKWAJU, NA UGUMU WAKE UKO WAPI

Jina la kitaalamu ni Tamarindus indica. Limetokana na Kiarabu, "tamar hindi", yaani tende ya India. Jina linadanganya kidogo, kwani asili ya mti huu ni Afrika. Umezoea jua letu, umezoea kiangazi chetu.

Kwa bonsai una sifa nne. Majani yake ni vijani vidogo vidogo vilivyojipanga pande mbili za kikonyo, kwa hiyo hata mti wenye kimo cha sentimita 40 unaonekana kama mti mkubwa uliotazamwa kwa mbali. Gamba lake hupasuka na kuonekana la kizee mapema. Ukikata shina, huchipua tena vizuri. Na una tunda, ambalo kila mtu wa kwetu analijua kwa juisi na kwa mchuzi. Huko India, Indonesia na Ufilipino mkwaju ni mti wa bonsai wa siku nyingi.

Ugumu wake ni huu:

- Unakua polepole. Shina la kuuzika ni kazi ya miaka mitano, sita, hata zaidi.
- Una mzizi mkuu unaokwenda chini moja kwa moja, ukiwa na mizizi michache ya pembeni. Sinia halitaki mzizi wa namna hiyo.
- Mti wa mbegu huchelewa kuzaa, mara nyingi miaka saba au zaidi, tena huo ni ulioachwa shambani kwa uhuru wake.
- Ingawa ni wa jamii ya kunde, mizizi yake haitengenezi vile vinundu vya naitrojeni. Usidhani utajilisha wenyewe.

Sasa twende hatua kwa hatua.

1. MBEGU

Mbegu za mkwaju zinapatikana bure kwa wauza juisi. Lakini uliza kwanza: huo ukwaju wameuloweka au wameuchemsha? Wengi huchemsha, na mbegu iliyochemshwa imekufa. Waombe wakutengee mbegu kabla ya kupika, au okota maganda yaliyoiva chini ya mti.

Usichukue kutoka mti wowote tu. Tafuta mkwaju unaozaa sana, wenye majani madogo na matawi yaliyobanana. Tabia nyingi za mama huonekana kwa watoto, ingawa siyo zote.

Osha mbegu mpaka utomvu wa tunda uishe. Ganda la mbegu ni gumu, kwa hiyo lisugue kidogo kwa msasa upande mmoja, kisha loweka kwa saa 24 kwenye maji ya kawaida. Zilizovimba ndizo za kupanda. Fukia kina cha sentimita moja na nusu. Kwenye joto zitaanza kutokeza ndani ya wiki moja hadi mbili.

Ukihitaji miti 100, otesha 300. Nitaeleza sababu kwenye hesabu.

2. KITALU NA MZIZI MKUU

Miche ikiwa na majani ya kweli manne hadi sita, ing'oe taratibu, kata mzizi mkuu ubakie kama theluthi moja, kisha irudishe kwenye viriba. Fanya jioni, weka kivulini, mwagilia. Mzizi uliokatwa ukiwa mchanga hutoa mizizi ya pembeni mingi, na hiyo ndiyo itakayokaa kwenye sinia miaka ijayo. Ukiacha kazi hii mpaka mti uwe na miaka minne, mzizi mkuu unakuwa mnene kama mpini wa jembe na kuukata ni kubahatisha.

Iache kwenye viriba kwa msimu mmoja.

3. SHAMBANI, HAPO NDIPO PESA ILIPO

Mwanzo wa mvua peleka miche ardhini. Nafasi ya sentimita 60 kwa mita 1 inatosha, maana hatulei miti ya kivuli. Miche 260 ya kijana wangu tuliipanda kwenye eneo la mita 16 kwa 10, mistari kumi ya miche 26. Kiwanja cha nyuma ya nyumba tu.

Kuna ujanja mmoja wa kufanya hapa. Chini ya kila mche, sentimita 5 hivi kutoka mizizi inapoanzia, laza kipande cha kigae cha sakafu kilichovunjika. Mizizi ikigonga kigae haiwezi kushuka, inalazimika kutambaa pembeni kama vidole vya kuku. Mteja wa bonsai huangalia mizizi hiyo kabla hajaangalia majani.

Baada ya hapo, uache mti. Najua mkono utawasha. Utataka kupogoa ufanane na picha. Usipogoe! Mwaka wa kwanza na wa pili kazi yako ni kupalilia, samadi iliyoiva, maji wakati wa kiangazi, na kuangalia mchwa. Mti ukifika urefu wako, vizuri. Kila jani la juu linalisha shina la chini.

Mara moja kwa mwaka, mwanzo wa mvua, chukua sepetu na ukate mizizi inayotambaa mbali, umbali wa kama sentimita 25 kuzunguka shina. Hiyo inaufanya mti uweke mizizi mipya karibu na shina, na siku ya kuchimbua hautashtuka.

4. KUKATA SHINA

Shina likifika unene wa kifundo cha mkono pale chini, hapo shika msumeno. Kwa mti unaotaka uwe na kimo cha sentimita 45, kata kwenye sentimita 15 hivi, yaani theluthi moja. Ukimwonyesha mama yako atasema umeharibu. Mwambie asubiri.

Baada ya wiki chache mti utachipua pande zote. Chagua chipukizi moja imara iliyo karibu na mkato, hiyo ndiyo shina jipya. Nyingine mbili tatu bakiza kama matawi, zilizobaki ondoa. Shina jipya likinenepa, nalo kata, safari hii fupi zaidi. Ukirudia mara mbili au tatu unapata shina pana chini, linalopungua kadiri linavyopanda, lenye vipindapinda vya asili. Huo ndio "uzee" ambao watu wanaulipia.

Chini kabisa ya shina unaweza kuacha tawi moja likue bila kuguswa, hata mita mbili. Tunaliita tawi la kafara. Halitabaki, kazi yake ni kunenepesha shina hapo lilipo, halafu unalikata.

Kuhusu waya: tawi la mkwaju likikomaa ni gumu, ukilikunja linakatika. Funga waya wa aluminiamu likiwa bado changa, na wakati wa mvua kagua kila baada ya wiki mbili, maana tawi likinenepa waya unazama kwenye gamba na kuacha kovu. Kama huna waya, kuna njia ya kusini mwa China, ya mafundi wa Lingnan, wanaotumia mkasi tu: acha tawi likue, kata juu ya jicho linalotazama upande unaoutaka, acha tena, kata tena. Inachukua muda, lakini haina gharama na tawi linatoka zuri.

5. KUCHIMBUA

Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua, mti unapoanza kutoa machipukizi mapya baada ya kiangazi. Mwezi wa sita hadi wa nane, kipindi cha baridi, usiuguse. Miche mingi iliyotufia, tuliihamisha wakati wa kipupwe kwa sababu mimi nilikuwa na nafasi wakati huo. Mti hauna habari na ratiba yako.

Punguza majani na matawi kwanza, kisha chimba, kata mizizi iliyobaki kwa kifaa chenye makali, na uweke mti kwenye sanduku la mbao au beseni kuukuu lililotobolewa chini. Siyo sinia bado. Kaa nao kivulini wiki nne hadi sita, nyunyizia maji, usiweke mbolea mpaka uone majani mapya yamekomaa. Hapo kwenye sanduku utakaa mwaka mmoja au miwili, ukitengeneza matawi madogo.

Na tafadhali, msiende kuchimbua mikwaju mizee msituni. Wako watakaowaambia ni njia ya mkato. Kwenye misitu ya hifadhi ni kosa kisheria, na mti mzee uliong'olewa porini bila maandalizi mara nyingi hufa, basi umepoteza mti ambao umeishi kabla ya babu yako. Ukitaka shina nene kwa haraka, zungumza na mtu anayesafisha kiwanja chake au shamba lake. Atafurahi umsaidie kung'oa.

6. SINIA, MWISHO WA SAFARI

Udongo wa sinia siyo udongo wa shamba. Udongo wa shamba kwenye chombo kifupi unashikamana kama saruji, maji yanasimama, mizizi inaoza. Tumia mchanganyiko wa chembe: sehemu mbili za mchanga mkubwa wa mto au tofali la kuchoma lililopondwa, na sehemu moja ya mboji iliyoiva. Pitisha kwenye chekecheke, tupa vumbi lote, bakiza chembe za milimita 3 hadi 6. Ni kazi ya kuchosha, lakini ukiiruka utaijutia wakati wa masika.

Sinia lazima liwe na matundu. Funika matundu kwa kipande cha neti ya dirisha, na funga mti kwenye chombo kwa waya ili upepo usiutikise mpaka ushike mizizi.

7. MAJI, CHAKULA NA WADUDU

Watu husema mkwaju unavumilia ukame. Kweli, ule wa ardhini wenye mizizi ya mita kadhaa. Wa kwenye sinia una udongo wa sentimita 5 tu, na kwenye jua la Februari unakauka kwa siku moja. Mwagilia kila asubuhi, na kiangazi hata mara mbili kwa siku. Ingiza kidole: udongo wa juu ukianza kukauka, mwagilia mpaka maji yatoke chini.

Mbolea weka kidogo kidogo. Ukizidisha naitrojeni unapata matawi marefu yenye majani makubwa, kinyume cha unachotaka. Kila baada ya miaka miwili hivi utoe mti, punguza mizizi kama theluthi moja, badilisha udongo.

Wadudu wa kuangalia ni wale weupe kama pamba wanaojificha kwenye maungio ya majani, na wadudu gamba kwenye matawi. Wakiwa wachache wasugue kwa mswaki wenye maji ya sabuni. Wakizidi, tumia mafuta ya mwarobaini jioni, jua likishazama.

JE, UTAZAA?

Swali zuri, na ndipo uongo mwingi unapouzwa. Mti wa mbegu unaokatwa kila mara huchelewa sana kuchanua, kwani kila unapokata unaurudisha utotoni. Usimwahidi mteja matunda kwa mti wa mbegu.

Njia ya uhakika zaidi ni kutumia kikonyo cha mti ambao tayari unazaa. Miti iliyobebeshwa inaweza kuanza kuzaa ndani ya miaka mitatu hadi minne. Kwa bonsai, bebesha kwenye matawi, siyo kwenye shina, ili kovu lisionekane. Kwanza nenepesha shina lako la mbegu, halafu bebesha.

Njia nyingine ni kuotesha mizizi kwenye tawi likiwa bado juu ya mti mama. Chagua tawi la unene wa dole gumba lenye umbo zuri. Mwanzo wa mvua, menya gamba kama pete ya sentimita 3, kwangua ule utelezi wote, zungushia makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kukamuliwa, funika kwa nailoni na funga pande zote mbili. Baada ya miezi miwili mitatu chungulia. Yakitoa mizizi mingi, kata chini yake na upande. Fanya kumi kwa mpigo, maana siyo yote yatakubali.

Jambo moja la kukumbuka: majani ya bonsai hupungua ukubwa, tunda halipungui. Ganda la ukwaju litakuwa refu vile vile kwenye mti wa sentimita 50. Toka ua mpaka kuiva ni miezi kama minane, na muda wote huo mti unalisha. Bakiza maganda mawili au matatu, mengine toa mapema. Matatu yakining'inia kwenye mti mdogo, hiyo picha inauza yenyewe.

HESABU KABLA YA NDOTO

Chukua kalamu. Kumwagilia, kupalilia, kupogoa, kukagua: tuseme mti mmoja unakula dakika 10 kwa wiki. Kwa mwaka ni dakika 520, yaani saa 8 na dakika 40. Kwa miaka sita ni saa 52. Kwa kazi ya saa nane kwa siku, hizo ni siku sita na nusu. Zidisha kwa ujira wa kibarua wa eneo lako. Hapo hujaweka maji, samadi, chombo wala miti iliyokufa. Hiyo ndiyo bei ambayo chini yake unajilipa hasara, hata kama mteja anatabasamu.

Halafu, katika kila mistari ya miti yako, iko itakayokuwa mizuri kweli, iko ya wastani, na iko ambayo haina umbo kabisa. Ndiyo maana nilisema otesha 300. Isiyo na umbo iuze mapema kama miche ya kawaida ya mkwaju, watu wa vijijini na mashule wanahitaji miti ya kivuli. Ya wastani uza kwenye vyungu vya kawaida. Mizuri subiri nayo.

Kwa hiyo kanuni zangu tatu ni hizi:

- Usichukue mkopo wa marejesho ya kila mwezi kwa ajili ya bonsai. Mti hautoi hela ya mwezi, na mkopo hausubiri miaka sita.
- Uwe na kitu kinachokulisha pembeni: kitalu cha mipapai, mipasheni, miche ya pilipili. Mwaka wa kwanza hata kati ya mistari ya mkwaju unaweza kupanda kunde au mchicha.
- Weka kumbukumbu. Kila mti na lebo yake: tarehe ya mbegu, siku ya kukatwa, siku ya kuhamishwa, na picha moja kila mwaka. Umri usio na ushahidi ni maneno tu. Umri wenye picha unalipiwa.

MTEJA NAYE NI SEHEMU YA ZAO

Bonsai ya mkwaju ni mti wa nje. Unahitaji jua la saa sita au zaidi kwa siku. Mteja ataupeleka sebuleni, ataweka karibu na kiyoyozi, na baada ya wiki kadhaa atakupigia kwamba umemuuzia mti mbovu. Mwandikie maelekezo kwenye karatasi: uweke barazani au uani, mwagilia kila siku. Mweleze pia kwamba jioni majani hujikunja kama yanasinyaa. Mti umelala, haujafa. Nimeshapokea simu za saa mbili usiku kwa ajili hiyo.

Kwa hoteli na ofisi, fikiria kukodisha badala ya kuuza. Unapeleka mti mmoja, baada ya siku chache unauchukua ukapumzike juani na kuleta mwingine. Mti unabaki wako, unaendelea kuzeeka, na hela inaingia kila mwezi.

Kuhusu kuuza nje, usianze na huko. Nchi nyingi zinadai cheti cha afya ya mimea, na nyingine hazipokei mmea wenye udongo kutoka nje. Ukifika hatua hiyo, hapa Tanzania waone TPHPA kabla ya kufunga mzigo, siyo baada ya.

KIJANA WETU

Tuliipeleka ile miche 260 ardhini masika ya 2020. Mwaka huo huo alifungua kitalu cha mipapai na pilipili, ndicho kilichomlisha. Vile vyombo vya mfinyanzi aliviuza vichache, vingine akavirundika nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nikipita pale kila mwezi, na kwa kweli mwaka wa kwanza nilikuwa naona aibu kupita.

2023 tulianza kukata mashina. 2024 tulichimbua ya kwanza, 40 yaliyokuwa bora, na 33 yakashika. Mpaka sasa ameuza miti 11. Hajawa tajiri. Mti hata mmoja haujazaa, na wateja anawaambia hivyo hivyo bila kuficha. Ila mama yake siku hizi ndiye anayewapokea wageni na kuwaonyesha mistari, huu wa mwaka fulani, ule usiguse.

Mwaka jana nilimkuta anaosha vile vyombo vya zamani kwa brashi. Nikamwomba radhi tena, maana miaka miwili ya mtu siyo kitu kidogo. Akasema, "Bwana shamba, vyombo vilikuwa sawa. Tuliviwahi tu."

Basi na wewe unayetaka kuanza Jumatatu, anza. Lakini anza na mbegu, jembe na kigae kilichovunjika. Sinia utalinunua ukiwa na mti wa kuweka. Ukikwama, mwone afisa ugani wa kata yako, na akikuambia miaka miwili inatosha, mwonyeshe makala hii.

Kazi njema shambani.